Gemu ya Zamani Ikisuasua Kwenye Linux: Mtafute Kwanza Anayechora

Doom ilipotoka mwezi Desemba 1993, ilihitaji prosesa ya 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4. Leo hata kompyuta mpakato ya mtumba ya bei ya chini huja na kumbukumbu ya gigabaiti 4, mara elfu moja ya ile. Lakini unaweka Linux, unafungua gemu uliyoicheza ukiwa shule, na picha zinakwenda kwa kushtuka-shtuka kama gari lililotiwa petroli yenye maji. Ukiomba ushauri, jibu la kwanza ni kwamba mashine imezeeka, nunua nyingine.

Usinunue bado. Gemu kongwe iliandikwa kwa ajili ya mashine ambayo haitengenezwi tena. Ili ifike kwenye skrini yako inapita kwa wakalimani kadhaa: emuleta inayoigiza kompyuta ya zamani, au Wine inayotafsiri lugha ya Windows, kisha draiva ya kadi ya michoro, kisha programu inayosimamia madirisha. Mkalimani mmoja akikosekana, mzigo wake hubebeshwa prosesa, na prosesa ikianza kuchora kila nukta ya skrini yenyewe, hata gemu iliyotoka miaka zaidi ya 20 iliyopita inaweza kuilemea. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata swali moja: nani anachora?

Amri zilizomo humu ni za Debian, Ubuntu, Mint na ndugu zao. Kwenye Fedora au Arch majina ya vifurushi hubadilika, lakini hatua ni zilezile.

Taja ugonjwa kwa jina lake

Watu husema "gemu inaganda" wakimaanisha mambo manne tofauti, na kila moja lina dawa yake. Tazama gemu yako kwa dakika tano kabla ya kugusa chochote, kisha uamue unaumwa na lipi.

Kusuasua: picha ni chache kila sekunde tangu mwanzo hadi mwisho, hata kwenye menyu ambako hakuna kinachotembea. Mshukiwa wa kwanza ni uchoraji.

Kigugumizi: gemu inakwenda vizuri, inasimama nusu sekunde, inaendelea. Washukiwa ni diski, kumbukumbu iliyojaa, joto, au programu ndogo za kupaka rangi, ziitwazo sheda, zinazotengenezwa kwa mara ya kwanza.

Kuchelewa kuitika: picha ni laini, lakini unabonyeza sasa na mhusika anaruka baadaye. Mshukiwa ni usawazishaji wa skrini au msimamizi wa madirisha.

Saa ya gemu kuvutika: muziki unaburuzika na wahusika wanatembea kama wamo ndani ya maji. Hili ni la emuleta, hasa DOSBox.

Pima kabla ya kubadilisha

Macho hudanganya, hasa saa sita usiku baada ya kujaribu mambo kumi. Weka vipimo viwili:

`sudo apt install htop mangohud`

MangoHud huandika juu ya gemu idadi ya fremu kwa sekunde, na jinsi prosesa na kadi ya michoro zinavyofanya kazi. Kwa gemu ya OpenGL, lugha ya kuiagiza kadi ya michoro, iite hivi:

`mangohud --dlsym ./gemu`

Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 za kuchorwa. Fremu 30 ni milisekunde 33.3. Lakini jua pia gemu yako ilikusudiwa kwenda kwa kasi gani. Doom ya asili haivuki fremu 35 kwa sekunde, kwa sababu saa yake ya ndani ndivyo ilivyopangwa. Ukiona 35 imetulia, hakuna ugonjwa.

Sasa fungua htop kwenye dirisha la pembeni na utazame kila kiini cha prosesa peke yake. Hapa wengi hupotea. Gemu nyingi za miaka ya 1990 hutumia kiini kimoja tu. Kwenye prosesa ya viini vinne, kiini kimoja kikizidiwa kabisa, jumla itasomeka asilimia 25, nawe utadhani prosesa imepumzika kumbe imefika mwisho wa nguvu inayoweza kuitoa kwa gemu hiyo. Kiini kimoja kikiwa asilimia 100 huku kadi ya michoro ikiwa haina kazi, umeshapata dalili kubwa: prosesa inafanya kazi isiyo yake.

Ukiwa na Quake III, una kipimo bora zaidi ndani ya gemu yenyewe. Fungua konsoli kwa kitufe kilicho juu ya Tab, andika `timedemo 1`, kisha `demo four`. Gemu itacheza rekodi ileile kwa kasi yote iwezayo na kukupa wastani wa fremu. Rudia mara tatu na uiache namba ya kwanza, maana mara ya kwanza diski bado inasoma mafaili. Andika namba kwenye karatasi. Kuanzia hapo badilisha kitu kimoja, pima, andika. Ndipo uende kwenye kingine.

Nani anachora?

Hatua hii inachukua dakika moja, na ndiyo inayotibu gemu nyingi kuliko zote:

`sudo apt install mesa-utils`

`glxinfo -B`

Tafuta mstari unaoanza na `OpenGL renderer string`. Ukiona jina la kadi yako, iwe ya Intel, AMD au Nvidia, songa mbele. Ukiona neno `llvmpipe`, tatizo umelipata: hiyo ni programu ya Mesa (mkusanyiko wa draiva huria za michoro za Linux) inayochora kwa kutumia prosesa peke yake pale kadi ya michoro isipopatikana. Eneokazi litafunguka, video zitacheza kwa tabu, na kila gemu itasuasua.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni neno moja lililosahaulika. Wakati wa kuweka Linux, skrini ikibaki nyeusi, watu huongeza `nomodeset` kwenye amri za kuwashia mashine. Neno hilo huizuia kerneli isiwashe kadi ya michoro ipasavyo. Linasaidia kwa siku ya kwanza, kisha linabaki pale kwa miaka. Angalia kama bado lipo:

`cat /proc/cmdline`

Likiwemo, fungua faili `/etc/default/grub`, lifute, andika `sudo update-grub`, kisha uwashe mashine upya. Kama skrini itarudi kuwa nyeusi, basi unahitaji draiva sahihi au kerneli mpya zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya kufanya, badala ya kurudisha `nomodeset` na kuvumilia.

Chanzo cha pili ni draiva ya Nvidia isiyolingana na kerneli, jambo linalotokea baada ya masasisho yaliyokatika katikati kwa sababu umeme au bando limekwisha. Endesha masasisho hadi mwisho, kisha zima na uwashe.

Chanzo cha tatu kipo kwenye mashine zenye kadi mbili, moja dhaifu ya kuokoa betri na nyingine yenye nguvu. Linux mara nyingi huanza na ile dhaifu. Jaribu:

`DRI_PRIME=1 glxinfo -B`

Jina likibadilika, weka `DRI_PRIME=1` mbele ya amri ya gemu. Kwa draiva rasmi ya Nvidia amri ni ndefu kidogo: `__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia ./gemu`.

Mtego wa biti 32

Inawezekana glxinfo ikaonyesha kadi yako bila kasoro na bado gemu ikasuasua. Sababu ni kwamba glxinfo ni programu ya biti 64, lakini gemu nyingi za Linux na Windows za kabla ya 2005 ni za biti 32. Hizo ni njia mbili tofauti ndani ya Linux, kila moja ikiwa na draiva zake. Moja inaweza kuwa nzima na nyingine haipo kabisa. Uliza gemu yenyewe:

`file ./quake3.x86`

Ukijibiwa `ELF 32-bit`, weka draiva za upande huo:

`sudo dpkg --add-architecture i386`

`sudo apt update`

`sudo apt install libgl1:i386 libgl1-mesa-dri:i386`

Wenye Nvidia kwenye Ubuntu na Mint wanahitaji pia kifurushi cha `libnvidia-gl` chenye `:i386` mwishoni, na namba yake iwe ileile ya draiva iliyopo. Gemu nyingi za Windows zinazopita kwenye Wine hutegemea njia hiihii, kwa hiyo usiiruke sehemu hii kwa kudhani gemu yako si ya Linux.

Kuna kona moja iliyojificha zaidi. Gemu za zamani za Linux zilikuja na maktaba zao ndani ya folda, kama vile `libstdc++.so.6` na `libgcc_s.so.1`, ili ziwahudumie watu wa mifumo mbalimbali. Leo draiva ya Mesa inahitaji toleo jipya la maktaba hizo. Gemu ikilazimisha toleo lake kongwe, draiva hushindwa kufunguka, na uchoraji unaangukia kwenye prosesa au gemu inakataa kuwaka. Endesha gemu hivi na usome inachosema:

`LIBGL_DEBUG=verbose ./gemu`

Ukiona malalamiko ya kushindwa kufungua draiva, ingia kwenye folda ya gemu, badilisha majina ya maktaba hizo mbili kwa kuongeza neno `zamani` mwishoni, na ujaribu tena. Usizifute. Ukikosea utazirudisha.

Umeme na joto

Prosesa ya leo haikimbii wakati wote. Kerneli huishusha kasi ili kuokoa umeme, na gemu nyepesi inaweza isitoshe kuishtua ipande. Angalia utaratibu unaotumika:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`

Kwenye mifumo mipya, `powerprofilesctl set performance` huondoa breki. Njia nzuri zaidi ni GameMode, programu iliyotolewa na Feral Interactive mwaka 2018, ambayo hupandisha kasi gemu ikifunguka na kuirudisha gemu ikifungwa:

`sudo apt install gamemode`

`gamemoderun ./gemu`

Kisha itazame kasi yenyewe gemu ikiwa inacheza:

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Prosesa ya megahezi 2400 ikibaki kwenye 800 hata chini ya mzigo, kuna kinachoizuia. Kwanza shuku chaja. Baadhi ya kompyuta mpakato hujishusha kasi zikichomekwa chaja ambayo haziitambui, na mashine za mtumba mara nyingi huuzwa na chaja isiyo yake. Jaribu na chaja yenye wati sawa na zilizoandikwa chini ya mashine.

Kisha shuku joto. Weka `lm-sensors`, andika `sensors`, na ufuatilie namba kwa robo saa ya kucheza. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Dalili yake haikosewi: dakika kumi za kwanza gemu inateleza, baadaye inachechemea, ukiipumzisha inapona. Dawa ni brashi laini na skrubu: ondoa vumbi kwenye feni na kwenye matundu ya kutolea hewa, badilisha pesti ya joto kama imekauka, na usicheze mashine ikiwa juu ya godoro au kanga, maana kitambaa huziba njia ya hewa. Pwani ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, chumba kikiwa kimeshapata joto la mchana, feni yenye vumbi haina nafasi ya kushinda.

Gemu za DOS: usizidishe mizunguko

DOSBox imekuwa ikiokoa gemu za DOS tangu 2002. Inaigiza kompyuta nzima, na kasi ya kompyuta hiyo ya kuigiza inaitwa mizunguko. Namba yake inaonekana kwenye kichwa cha dirisha. Kwa kawaida mpangilio ni `cycles=auto`: gemu kongwe zaidi hupewa mizunguko 3000, na gemu za kizazi cha Doom hupewa yote inayopatikana. Mtu akiwa amenakili mahali mpangilio wenye `cycles=3000`, Doom itatambaa hata kwenye mashine mpya kabisa.

Gemu ikiwa imefunguka, Ctrl na F12 hupandisha mizunguko, Ctrl na F11 huishusha. Panda hatua kwa hatua. Kosa kubwa ni kudhani kwamba namba kubwa zaidi ni bora zaidi. DOSBox hutumia kiini kimoja cha prosesa. Ukiiagiza mizunguko ambayo kiini hicho hakiwezi kuitoa, saa ya gemu huanza kuchelewa na sauti inakatika-katika. Kwa hiyo panda hadi sauti ianze kukwaruza, kisha rudi hatua moja au mbili. Hapo ndipo mahali pake. Upande wa pili, gemu kama Wing Commander ya 1990 hukimbia kupita kiasi kwenye prosesa yenye kasi, nayo unaishushia mizunguko hadi iweze kuchezeka.

Kisha rekebisha uchoraji. Andika `dosbox -printconf` ili ujue faili la mpangilio liko wapi, lifungue, na uweke:

`output=opengl`

`fullresolution=desktop`

`core=dynamic`

`scaler=none`

`aspect=true`

Hesabu yake ni hii. Doom ilichora nukta 320 kwa 200, yaani 64,000, mara 35 kwa sekunde: nukta milioni 2.24. Skrini ya 1366 kwa 768 ina nukta 1,049,088, na kuijaza mara 60 kwa sekunde ni nukta karibu milioni 63, mara 28 ya zile. Gemu ina uzito uleule wa 1993. Skrini ndiyo iliyokua. Vikuzaji vya picha vya DOSBox, hasa vile vya kulainisha kingo, huifanya prosesa ibebe ukuaji huo. Ukiweka `opengl` na kuondoa kikuzaji, kadi ya michoro inafanya kazi hiyo bila kutoka jasho.

Kwa Doom yenyewe unaweza kuiacha DOSBox kabisa. id Software, iliyoitengeneza, ilitoa msimbo wake mwaka 1997, na injini zilizozaliwa humo huendeshwa moja kwa moja na Linux. Chagua kulingana na mashine: GZDoom ina mapambo mengi na inahitaji kadi inayojua OpenGL 3.3, Chocolate Doom na Crispy Doom zinachora kama zamani na zinakwenda hata kwenye mashine dhaifu sana. Kama huna mafaili halali ya gemu, mradi wa Freedoom unatoa hatua za bure:

`sudo apt install crispy-doom freedoom`

Gemu zilizoandikwa kwa ajili ya Linux

Quake III Arena ilifika Linux mwaka 1999 kupitia Loki Software, kampuni iliyoleta gemu nyingi kwenye mfumo huu kabla ya kufungwa 2002. Faili lake la asili bado linaweza kuwaka, lakini lina ugonjwa wa uzee. Injini hiyo iliweka nafasi ndogo ya kuhifadhi orodha ya uwezo wa kadi ya michoro. Kadi za sasa zina orodha ndefu mno, nafasi inafurika, na gemu inaanguka. Mtu akipata shida hii hushauriwa aweke `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1`. Hata gemu ikiwaka, sasa inachorwa na prosesa, na hapo kusuasua kunaanza. Ukilikuta neno hilo kwenye faili lako la kuwashia gemu, lifute. Badala yake, ukiwa na Mesa, weka:

`MESA_EXTENSION_MAX_YEAR=2003 ./quake3.x86`

Hii inaiambia draiva itaje tu uwezo uliokuwepo hadi 2003, orodha inatosha, na kadi inaendelea kuchora.

Njia bora zaidi ni ioquake3, injini iliyotokana na msimbo ambao id Software iliutoa Agosti 2005. Unahitaji mafaili ya `pk3` ya gemu yako halali, hasa `pak0.pk3`, kwenye folda ya `baseq3`. Injini hii ina wachoraji wawili. Yule aitwaye `opengl2` huongeza vivuli na mwanga wa kisasa, na kwa chipu ya Intel ya zamani ni mzigo wa bure. Fungua konsoli, andika `cl_renderer opengl1`, funga gemu na uifungue tena, kisha urudie kipimo chako cha `timedemo`. Linganisha na namba uliyoandika kwenye karatasi.

Kanuni hii inavuka mipaka ya Quake. Gemu iliyoachiwa msimbo wake, au iliyopata watu wa kuiandikia injini mpya, tafuta injini hiyo kabla ya kuhangaika na faili la asili. OpenTTD, OpenRA, OpenMW na ScummVM zipo kwa sababu hiyo, na kila moja inapunguza idadi ya wakalimani kati ya gemu na skrini.

Gemu za Windows: jua zilichora kwa lugha gani

Kwenye Wine swali la nani anachora linapata sura ya pili: gemu inatoa maagizo kwa lugha gani? Kabla ya 2000 hivi, gemu nyingi za Windows zilichora kwa DirectDraw, zikiandika nukta moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, mara nyingi kwa rangi 256 tu. Kadi za leo hazikuundwa kwa mtindo huo, na kila fremu lazima ibadilishwe rangi na kunakiliwa. Ndiyo maana Age of Empires II ya 1999 au StarCraft ya 1998 zinaweza kusuasua pale ambapo gemu ya miaka kumi baadaye inateleza.

Dawa yake ni cnc-ddraw, maktaba ya bure iliyoanza kwa ajili ya Command & Conquer na sasa inahudumia gemu nyingi za kundi hili. Weka `ddraw.dll` na `ddraw.ini` kwenye folda ya gemu, ndani ya `ddraw.ini` andika `renderer=opengl`, kisha uiamrishe Wine iitumie hiyo badala ya yake:

`WINEDLLOVERRIDES="ddraw=n,b" wine empires2.exe`

Gemu zilizofuata, kama zile za Grand Theft Auto za miaka ya 2002 hadi 2005, zilichora kwa Direct3D 8 na 9. Kwa hizo kuna njia mbili. Wine yenyewe hutafsiri kwenda OpenGL. DXVK hutafsiri kwenda Vulkan, lugha mpya zaidi ya kadi za michoro, na mara nyingi ina kasi zaidi. Lakini usiiweke kwa mazoea. Angalia kwanza:

`sudo apt install vulkan-tools`

`vulkaninfo --summary`

Ukiona `llvmpipe` peke yake, Vulkan yako inachorwa na prosesa, na DXVK itaimaliza kabisa. Chipu za Intel za kizazi cha nne na za kabla yake, zilizomo kwenye kompyuta nyingi za 2012 hadi 2014, hazina Vulkan iliyokamilika. Kwa mashine hizo baki na OpenGL ya Wine. Hapa ndipo ushauri mzuri wa mtu mwenye kadi mpya unapoweza kukuharibia.

Mambo mawili madogo ya kumalizia. Weka `WINEDEBUG=-all` mbele ya amri; gemu nyingine huifanya Wine iandike maelfu ya ujumbe kila sekunde, na uandishi huo una gharama. Na kama unapata kigugumizi kila unapoingia eneo jipya, kisha hakirudi ukipita tena, hizo ni sheda zinazotengenezwa. Mesa huzihifadhi ndani ya `~/.cache`, kwa hiyo usifute folda hiyo kila wiki kwa nia ya kuisafisha mashine.

Skrini, sauti na kumbukumbu

Anayechora akishajulikana, tazama mlango wa mwisho. Msimamizi wa madirisha hupokea kila fremu na kuichanganya na madirisha mengine kabla ya kuionyesha. Kwenye mashine dhaifu, zima uchanganyaji huo wakati wa kucheza. Kwa Xfce:

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false`

Kwa KDE ya X11, bonyeza Shift, Alt na F12 kwa pamoja. Kama fremu zinaruka kutoka 60 hadi 30 bila kupita katikati, huo ni usawazishaji wa skrini: fremu iliyochelewa kidogo inalazimika kusubiri zamu nzima inayofuata. Jaribu `vblank_mode=0 ./gemu` kwa Mesa, au `__GL_SYNC_TO_VBLANK=0` kwa Nvidia. Picha inaweza kuonekana imechanika mstari, lakini utakuwa umejua chanzo.

Sauti nayo huishika gemu mateka, kwa sababu injini nyingi za zamani husimama kusubiri kadi ya sauti. Izime kwa majaribio. Kwenye Quake III ni `+set s_initsound 0`. Kasi ikirudi, rekebisha sauti na uiache kadi ya michoro. Kwa Wine inayokwaruza, `PULSE_LATENCY_MSEC=60` mbele ya amri husaidia mara nyingi.

Mwisho andika `free -h` ukiwa unacheza. Sehemu ya `Swap` ikiendelea kukua, kivinjari chenye kurasa ishirini ndicho kinachokula kumbukumbu ya gemu. Kifunge.

Pale mashine inaposhindwa kweli

Kuna mahali ambapo prosesa inastahili kulaumiwa. Kuigiza PlayStation 2 ya mwaka 2000 ni kazi nzito kwelikweli, kwa kuwa prosesa yako inaiga chipu kadhaa tofauti zilizofanya kazi kwa wakati mmoja, na zinapaswa kwenda sambamba. Umri wa gemu hauna uhusiano na uzito wa kuiga mashine yake. Kwa konsoli za Super Nintendo, Snes9x ni nyepesi kuliko emuleta zinazotafuta usahihi kamili. Kama emuleta nyepesi, prosesa baridi na draiva sahihi bado hazitoshi, hapo ndipo ushauri wa kununua mashine nyingine una haki ya kusikilizwa.

Hifadhi dawa iliyofanya kazi

Ukishapata mpangilio unaoponya, usiuache kichwani. Tengeneza faili dogo, kwa mfano `~/gemu/aoe2.sh`, na uandike humo kila kitu kilichosaidia na hicho tu:

`#!/bin/sh`

`export WINEPREFIX="$HOME/gemu/aoe2" WINEDEBUG=-all`

`export WINEDLLOVERRIDES="ddraw=n,b"`

`cd "$WINEPREFIX/drive_c/aoe2" && exec gamemoderun wine empires2.exe`

Lipe ruhusa kwa `chmod +x`. Chini ya mstari wa kwanza ongeza mstari unaoanza na `#`, uandike humo tarehe, toleo la draiva, na namba zako mbili kutoka kwenye karatasi: kasi kabla na kasi baada. Sasisho la mwaka kesho likiivuruga gemu, utarudia kipimo, uone namba imeshuka, na urudi kwenye lile swali la kwanza kwa `glxinfo -B`. Na mdogo wako akitaka kucheza wakati haupo, atabonyeza faili hilo na gemu itafunguka.